Nduwa Imelala

Nyumbani, mlimani
Jumatatu, 3 Februari 2025

Wifi yangu Theodora,

Tumsifu Yesu Kristo. Ukiitikia huko Soweto ya Moshi mimi sitasikia, ila hilo si jipya kati yetu.

Unanisumbua tena ninunue simu yenye kioo kikubwa. Simu ni ya masikio, wifi, na herufi zake zinanichosha macho. Acha Ebenezeri aendelee kutubebea barua kwenye gari lake la maziwa, Jumanne na Ijumaa, kama miaka yote hii minne. Huku hakuna anayejua kwamba sikio langu la kulia limekufa na la kushoto liko njiani. Nasoma midomo, wakicheka nacheka. Unajua wewe na Mungu tu, na wote wawili nawaamini kwa kunyamaza.

Sasa habari. Kiangazi kimetukalia kooni. Vuli nzima mvua ilinyesha siku tisa, nilizihesabu. Migomba imekunja majani, kahawa imeangusha maua. Theluji ya Kibo imebaki vipande vipande, mpaka naona aibu kuitazama, kama ninamchungulia mtu anayevua nguo.

Lakini usinihurumie hata kidogo! Jumamosi zetu zimekuwa sikukuu. Tunaamka thelathini na zaidi, tunasafisha mfongo, mfereji wetu wa maji, kutoka korongoni mpaka kwenye nduwa, lile bwawa la udongo alilochimba baba mkwe wangu, yaani baba yako. Tumepanda miti ya miringaringa mia mbili kando ya maji. Na kwa kuwa maji yamekuwa machache, ukingo wa nduwa tumeuinua dhiraa nzima ili ishike mengi zaidi. Rogath, mwenyekiti wetu wa mfongo, anatembea kifua mbele utadhani ndiye aliyeumba maji.

Kazi ikiisha, mimi natoa fimbo ya marehemu mume wangu Primus. Naichomeka ukingoni, naweka sikio kusikiliza kama maji yanatafuna udongo, watu wote kimya. Nikisema, "Imelala!" wanaitikia, "Na ilale!" Hapo ndipo kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, inaanza kuzunguka. Zamani mwanamke hakuruhusiwa hata kuisogelea nduwa, leo mwanamke ndiye mlinzi wake. Asante kwa ile barua ya kunisifu uliyompelekea Rogath ili nipewe kazi hii. Bila hiyo angekuwa bado anakuna kichwa.

Na tumepata mahali pa kulia chakula! Chini ya ukingo, upande wa kwa jirani yangu Eliona, pamekuwa kijani katikati ya kiangazi hiki. Nyasi laini, ubaridi, na magimbi yenye majani ya kumfunika mtoto. Watoto wa Eliona wanagaagaa pale siku nzima. Jumamosi iliyopita tulikula machalari pale mpaka Rogath akasinzia mdomo wazi. Ungekuwepo ungecheka mpaka mguu wako upone.

Wifi yako,
Salvina


Soweto, Moshi
Alhamisi, 6 Februari 2025

Wifi Salvina,

Milele, amina. Nimeitikia kwa sauti, mpangaji wangu akauliza naongea na nani.

Huku joto limetushinda. Maji ya bomba tunayaona mara mbili kwa wiki, na sisi wazee wa jumuiya tunakutana kulalamika tu, hakuna anayepanda hata mchicha. Basi barua yako niliisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka, mara ya pili nikasikia njaa, mara ya tatu nikaogopa.

Salvina, hayo magimbi yanakunywa maji ya wapi?

Baba hakuwahi kuacha kitu kiote chini ya ule ukingo. Siku aliyoona gimbi moja limechipua pale wakati wa kiangazi, aliifungua nduwa yote, akatumia siku nne kushindilia udongo, na hakula mpaka alipomaliza. Mimi nilikuwa nimejificha kwenye migomba maana wasichana tulikatazwa, ndiyo sababu nakumbuka vizuri. Alimwambia Primus: panapopendeza chini ya nduwa, usikae.

Nenda ukayaangalie maji yanayochuruzika pale. Yakiwa meupe, kuna muda. Yakiwa na rangi, yanauhamisha ukingo wenu kidogo kidogo, na huo ukingo mmeupandishia mzigo.

Na nijibu hili bila utani. Unapoweka sikio kwenye fimbo ya Primus, unasikia nini?

Theodora


Nyumbani
Jumatatu, 17 Februari 2025

Wifi yangu mwalimu,

Umestaafu lakini chaki hujaiacha! Nimeangalia. Maji ni meupe. Basi, pumua.

Nikupe habari nzuri zaidi. Jumamosi tulipata wageni, watu wa nduwa ya juu, wakiongozwa na mwenyekiti wao Mathew. Ndiyo, Mathew yuleyule uliyemfundisha darasa la tatu, aliyekuwa akijikojolea ukitaja jina lake. Sasa ana tumbo na kofia. Walikuja kujifunza kwetu! Walipima ukingo kwa kamba, wakanusa udongo, wakanywa mbege yetu kama hawana kwao. Mathew akasema wao watainua dhiraa mbili, ili wasionekane wadogo. Rogath alifurahi mpaka akampa miche hamsini ya mringaringa.

Magreth alipika kiburu, Eliona akaleta maziwa mgando. Kulikuwa na kucheza, wifi. Mimi ngoma siisikii lakini ardhi inaniletea miguuni, na nilicheza mpaka khanga ikanidondoka. Mwaka juzi nilikuwa nakaa peke yangu barazani naangalia mlima unavyochakaa, nikiomba nife kabla haujaisha. Sasa nikiuona nasema, subiri kidogo, tunakuja Jumamosi.

Ndizi mbivu anazo Ebenezeri. Usile zote, sukari yako inakusikiliza.

Salvina


Soweto
Alhamisi, 20 Februari 2025

Salvina,

Ndizi nimepata, asante. Nimekula mbili tu.

Umenijibu la maji. La fimbo umelipita kando, na mimi nimesahihisha daftari miaka thelathini na minne, swali lililorukwa naliona kabla ya yaliyojibiwa.

Husikii chochote. Watu thelathini wanakaa na watoto wao chini ya ukingo kwa sababu umewaambia "imelala," na wewe hata kengele ya kanisa huisikii. Nami niliyeandika ile barua ya sifa nilijua. Nilifikiri ni kazi ya heshima tu, itakuondolea upweke. Nimekuwa mjinga pamoja na wewe.

Redio inasema masika inaweza kuwahi na kuja kwa fujo. Kiangazi kirefu, halafu maji yote kwa mkupuo, ndivyo miaka hii ilivyo. Na juu yenu kuna Mathew na dhiraa zake mbili. Nakuomba umwambie Rogath. Ampe fimbo mtu mwenye masikio, wewe baki mlinzi kwa jina. Nani atakucheka?

Theodora


Nyumbani
Jumatatu, 3 Machi 2025

Theodora,

Nani atanicheka? Wote!

Hujui kukaa kwenye msiba usijue nani analia. Hujui kuitwa mara tatu halafu watu waseme una majivuno. Primus alipokufa nilikaa miezi minane bila mtu kunigusa bega. Leo nikipita njiani na fimbo, watu wananipisha. Jumamosi watu wote wananitazama mdomoni mimi, badala ya mimi kuwatazama wao. Unataka nirudi barazani?

Na wakiifungua nduwa sasa, migomba itakufa kabla ya mvua. Watasema Salvina ndiye aliyemwaga maji ya watu.

Haya, maji yana rangi. Kidogo! Kama chai ya mtu aliyeishiwa maziwa. Yatapoa mvua ikianza. Ukisema kwa Rogath, wifi, umenizika, na usije kwenye mazishi.

S.


Soweto
Alhamisi, 6 Machi 2025

Salvina wangu,

Nimekaa na barua yako siku mbili. Nimelia nayo.

Ebenezeri atakuletea hii kesho. Keshokutwa ni Jumamosi. Ukimaliza kazi na watu wakakusanyika, sema mwenyewe. Saa sita mchana nitampigia Rogath. Ukiwa umeshasema, nitamsalimia tu. Ukiwa hujasema, nitasema mimi.

Ndani nimeweka jani la isale, nimelichuma kwenye ua wa jirani na kulifunga fundo kama mama alivyotufundisha. Unajua maana yake, na unajua mtu wa kwetu akiletewa isale hawezi kukataa kusamehe. Natanguliza msamaha kwa nitakalokutendea.

Theodora


Nyumbani
Jumatatu, 17 Machi 2025

Theodora,

Nimekawia kwa makusudi. Nilitaka uteseke.

Sikusema. Nilikuwa nimejiandaa, naapa. Lakini watu walikuwa na njaa, sufuria zimefunuliwa, watoto wa Eliona wamekaa mstari kwenye nyasi, na wote wakanigeukia kwa zile nyuso zao. Nikaweka sikio. Nikafumba macho, kama Primus alivyokuwa akifanya.

Nilipofumbua, Rogath alikuwa ameweka simu sikioni na ananitazama. Akairudisha mfukoni. Akapita akaenda nyuma yangu. Mimi nikatabasamu na kusema, "Imelala!"

Hakuna aliyeitikia.

Niliona kijiko kikianguka mkononi mwa Magreth. Eliona akanyakua mtoto mdogo, kisha wa pili. Watu wakaanza kukimbia kupanda juu, wengine wanapiga kelele, naona meno yao tu. Mimi nimesimama na fimbo yangu, natabasamu kama mwehu. Kumbe Rogath alikuwa amesimama hatua mbili nyuma ya mgongo wangu, anapaza sauti, "Salvina, kimbia, ukingo unapasuka!" Haukuwa unapasuka. Alikuwa ananipima. Mbele ya watu wote alinipima kama mbuzi wa mnadani.

Eliona ndiye aliyerudi kunivuta mkono. Alikuwa analia. Sikujua ananililia mimi au wanawe.

Waliifungua nduwa saa ileile. Maji yote ya kiangazi yakaenda korongoni, tukayatazama. Yalipokwisha waliona tundu upande wa ndani, mkono wa mwanamume unaingia mpaka kwapani. Rogath aliutoa mkono ukiwa na tope, akatazama pale chini tulipokuwa tukila, akakaa chini na kofia usoni. Kwa hiyo ulikuwa sahihi, mwalimu. Chukua alama zako zote.

Jumamosi ya juzi nilijifungia ndani. Saa saba Eliona akaingia bila hodi, au labda alibisha, nitajuaje. Amebeba bakuli la mtori. Akashika kidevu changu, akaongea polepole ili nione: "Mama, tumekuwekea nafasi. Sasa tunalia chakula juu, kwenye mawe, panachoma makalio." Nikacheka bila kutaka. Nilipofika walisogea, nikakaa. Magreth akanigusa bega kabla ya kusema nami, na sasa wote wanafanya hivyo. Migomba inakufa, wifi, na hakuna aliyesema ni mimi niliyemwaga maji.

Isale nimelipokea. Nimekusamehe kwa hasira, hasira itaisha yenyewe.

Salvina


Soweto
Alhamisi, 20 Machi 2025

Wifi yangu,

Nimeisoma nikiwa nimesimama. Asante.

Lakini Mathew je? Ameambiwa?

Theodora


Nyumbani
Alhamisi, 27 Machi 2025

Theodora,

Mvua ilianza Jumapili na haijakata. Inanyesha kama mtu aliyekasirishwa. Tulivyoiomba! Magreth alitoka nje akacheza kwenye matope. Leo ni siku ya tano na hakuna anayecheza.

Ameambiwa. Rogath alipanda kumwona, Mathew akamwambia, "Mnaona wivu, yenu imekauka." Basi jana nilipanda mwenyewe na Eliona, nimebeba fimbo. Nduwa yao imejaa mpaka mdomoni. Ukingo dhiraa mbili, udongo mbichi, na juu yake wamepanda ile miche yetu hamsini, imesimama vizuri kweli. Chini yake wamejenga banda la kulia chakula, na mabenchi. Wametuiga kila kitu isipokuwa fimbo. Mathew anasema hayo ni mambo ya zamani.

Nikaichomeka. Eliona akaweka sikio, akasema mvua inapiga kelele, hasikii chochote. Hapo nikakumbuka ngoma ile iliyonijia kwa miguu. Nikaiuma fimbo kwa meno.

Wifi, ilitetemeka mpaka kwenye ufizi. Haikuwa mvua, mvua inagongagonga. Hii ilikuwa inasaga, taratibu, haipumziki, kama ng'ombe anayecheua. Nikawaambia, iko macho! Fungueni! Mathew akacheka, na wenzake wakacheka. Eliona hakutaka kunitafsiria, lakini midomo naisoma: "Kiziwi anakula fimbo." Nani ataniamini sasa, baada ya yale niliyoyafanya? Miezi mitano nilidanganya wakaniamini, jana nimesema kweli wakacheka.

Jumapili wanafungua lile banda kwa sherehe, na wametualika tukale nao. Nduwa yao ikiachia, itapita bandani, itapita kwa Eliona, itapita hapa ninapoandika. Rogath anataka tuhamie kanisani, lakini wenye ng'ombe hawataki kuwaacha.

Ulinichongea mimi kwa Rogath. Sasa nichongee tena, popote. Mpigie Mathew. Wewe akikusikia husimama wima mpaka leo. Namba yake nimeiandika nyuma. Usinijibu kwa barua, wifi. Piga simu.

Salvina


Kituo cha maziwa, Moshi
Jumanne, 1 Aprili 2025, saa nne asubuhi

Salvina,

Nilipiga Ijumaa, kabla sijamaliza kuikunja barua yako. Alipokea. "Shikamoo mwalimu," na nikasikia kiti kikisogea. Alisimama, kama ulivyosema. Nilimwambia yote, nikamwambia meno yako yana akili kuliko kofia yake. Akasema, "Ndiyo mwalimu, nimekuelewa mwalimu, tutaifungua Jumatatu, sherehe ikipita."

Nikakubali, wifi. Nikasema haya, Jumatatu, usisahau. Kama nampa mtoto muda wa kumaliza zoezi. Nilimwamini kwa sababu alisimama.

Jana asubuhi nilimpigia. Haipatikani. Rogath, haipatikani. Simu ya Eliona iliita mara moja ikakata. Watu hapa wanasema ni minara tu, mvua imeharibu umeme huko juu. Inawezekana.

Leo nimekuja na mguu wangu huu mpaka kituoni. Ebenezeri hufika saa mbili kamili. Madebe ya wenzake wa njia nyingine yamepokelewa na kuoshwa. Mama anayepokea maziwa ameacha mstari wa njia yenu wazi kwenye daftari lake, na kila akiinua macho ananitazama halafu anatazama barabara.

Nakuandikia kwenye goti. Nimeweka isale lingine ndani, la kuomba msamaha kwa ile Jumatatu. Wewe huwezi kulikataa, ndiyo desturi yetu. Kwa hiyo lazima ulipokee. Gari likishuka, mpe Ebenezeri chochote, hata hilo jani lenyewe bila maneno. Fundo lako nalijua.

Saa nne na nusu. Bado nipo.

Theodora